Gia ya Tano Si ya Mbio

Kwenye gereji za Bagamoyo kuna hukumu moja inayotolewa upesi kuliko zote. Mwenye pikapu ya zamani ya Land Cruiser, HJ45 au HJ47, akitaja tu kwamba anafikiria kutoa giaboksi ya gia nne na kufunga ya gia tano, anaambiwa aache mara moja. Ataambiwa gia ya tano ni ya mbio na gari lake si la mbio. Ataambiwa injini itazidiwa, gari litakuwa zito mlimani, transfa italia, na kwamba Wajapani waliolitengeneza walijua walichokuwa wanafanya. Mafundi wanasema hivyo, madereva wanasema hivyo, na wazee waliokaa na magari haya tangu enzi za miradi na misheni wanalisema kama watu wanaofunga mjadala. Mimi nasema wamekosea, na kosa lao linawagharimu wenzao fedha, klachi na masikio.

Masikio nayataja kwa makusudi. Panda HJ47 ya gia nne pale Msata, ukiwa unakuja Bagamoyo. Lami imenyooka, kilomita 64, magari ni machache ukilinganisha na barabara ya Dar. Dereva anapanda gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na hapo safari ya mkono wake imekwisha. Sindano inasoma 80, injini inanguruma, mlango unatetemeka, kijiti cha gia kinacheza peke yake, na abiria wawili waliobanana mbele wanazungumza kwa kupiga kelele hadi Makofia. Mkono wa dereva unarudi kwenye kijiti kana kwamba kuna gia nyingine. Hakuna. Na hapo ndipo utamsikia akisema kwamba gari la dizeli la zamani ndivyo lilivyo.

Sivyo lilivyo. Kelele ile ni hesabu, na hesabu yake ni rahisi. Tuchukue pikapu yenye matairi ya 7.50-16, ambayo kwa mzunguko mmoja hutembea karibu mita 2.45, na difu ya 4.11 ambayo ndiyo ya kawaida kwa magari haya. Gia ya nne ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela nayo inazunguka mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka takribani mara 2,240 kwa dakika. Sasa weka giaboksi ya H55F, ile ya gia tano ambayo Toyota yenyewe iliitengeneza kwa ajili ya Land Cruiser. Gia yake ya tano ni 0.845. Mwendo ni uleule, barabara ni ileile, lakini injini inashuka hadi takribani 1,890. Kutoka Msata hadi Bagamoyo mizunguko ya injini hiyo itakuwa imepungua kwa 16,600 hivi, bila kuchelewa hata dakika moja. Hiyo ndiyo kazi ya gia ya tano, kazi yote. Inapunguza jasho la injini kwenye mwendo ambao tayari unakwenda.

Kwa hiyo hili la mbio limetoka wapi? Mwenye kutaka kukimbia hahitaji gia ya tano. Ifikishe injini mizunguko 3,500 kwenye gia ya nne, na kwa hesabu ileile gari litakuwa kwenye kilomita 125 kwa saa, mwendo ambao breki zake, springi zake na usukani wake haviwezi kuumudu kwa heshima yoyote. Gia nne hazijamzuia mtu kujiua. Anayekimbizana na basi la Tanga akiwa na pikapu ya mwaka 1982 atafanya hivyo kwa giaboksi yoyote atakayopewa, na tatizo lake liko juu ya kiti, haliko chini ya sakafu.

Hoja ya pili ina sura ya kitaalamu, na ndiyo inayowatisha wengi: kwamba injini hizi hazikutengenezewa gia ya tano. Hapa sibishani kwa maneno, naonyesha magari. HJ47 ilitoka mwaka 1980 ikiwa na injini ya 2H, dizeli ya silinda sita, lita 4.0, mrithi wa ile H ya lita 3.6 iliyokuwa kwenye HJ45. Mwaka 1984 zikaja Land Cruiser za mfululizo wa 70, na HJ75 iliyofuata ilibeba injini hiyohiyo ya 2H. Nyuma ya injini hiyo Toyota ilifunga nini? H55F. Gia tano. Na HJ60, ile ndefu ya familia na ya maofisa, nayo ilipata 2H na gia tano kabla haijaondoka sokoni. Injini ileile, kiwanda kilekile, baada ya miaka michache tu. Kama gia ya tano ingekuwa sumu kwa 2H, basi waliokuwa wa kwanza kuinywesha sumu hiyo ni wahandisi wa Toyota, na magari waliyoyatoa yamezunguka nchi hii kwenye hospitali, halmashauri na mbuga hadi leo.

Kuna zaidi. Nguvu ya kuvuta ya 2H hufika kileleni karibu na mizunguko 2,000. Rudi kwenye hesabu yetu: kilomita 80 kwa gia ya tano ni 1,890. Yaani gia hiyo inaiweka injini karibu kabisa na mahali inapovuta vizuri, kisha watu wanasema inaizidia.

Lakini hoja inayoniudhi kuliko zote ni ya tatu, ya mlimani na topeni, kwa sababu ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Wanasema ukifunga gia tano gari linapoteza nguvu. Wanadhani gia inayoongezwa juu inachukuliwa kutoka chini. Ukitazama namba utaona kinyume chake. Magari haya ya gia nne yana giaboksi za aina mbili, H41 na H42. Gia ya kwanza ya H42 ni 3.555. Gia ya kwanza ya H55F ni 4.843. Mwenye H42 akihamia H55F anapata juu gia ya kupumzisha injini, na papo hapo anapata chini gia ya kwanza yenye nguvu zaidi kwa asilimia 36. Ni ngazi iliyoongezwa vidaraja juu na chini. Mwenye H41, ambayo gia yake ya kwanza ni 4.925, hapotezi kitu cha kuhisiwa: tofauti haifiki hata asilimia mbili.

Asilimia 36 zinaonekana wapi? Nenda Kiwangwa msimu wa mananasi, siku ambayo mvua ya usiku imelainisha njia za mashambani. Pikapu imejazwa hadi juu ya mbao za ubavuni, imekaa kwenye tope jekundu, na dereva anataka kuitoa taratibu bila magurudumu kuchimba. Kwa H42, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000, gari linataka kwenda kilomita 10 kwa saa. Ni mwendo mkubwa mno kwa tope lile, kwa hiyo anaachia klachi nusu, anaibana, anaachia tena. Unasikia harufu ya disiki ikiungua kabla gari halijafika barabarani. Kwa H55F, mizunguko ileile 1,000 inampa kilomita saba na kitu. Anaachia klachi yote, anatoa mguu, na gari linatambaa lenyewe hadi kwenye lami. Nimesimama kando ya njia hizo na kuangalia namna zote mbili, na sihitaji tena kuambiwa na mtu aliyekaa kwenye benchi la gereji kwamba gia tano ni za mjini.

Nakubali jambo moja, kwa kuwa wanaolisema wanalijua. Gia ya nne, kwa kuwa ni moja kwa moja, haipitishi nguvu kwenye meno ya shafti ya chini. Inapita katikati na kutoka. Gia ya tano inapitia kwenye meno, na kila jozi ya meno inakula kidogo na kuchakaa kidogo. Kwa hiyo mzigo mzito ukipanda mlima ni wa gia ya nne na ya tatu. Kuteremka Wami ukiwa na shehena ni kwa gia ya tatu, na asiyefanya hivyo asitafute lawama kwenye giaboksi. Na kwenye vijiji vya barabara ya Dar, Mapinga, Kerege, Zinga, penye vibao vya 50, gia ya tano haina kazi kabisa: ukiing'ang'ania hapo injini iko chini ya mizunguko 1,200, inagonga na kulalamika, na ni haki yake. Ila haya yote ni maelezo ya namna ya kutumia gia. Hakuna hata moja linalosema gia hiyo isiwepo. Gari lenye gia ya tano bado lina ya nne, na anayehitaji ya nne anaishika.

Basi hofu hii imetoka wapi, kama hesabu ziko wazi hivi? Nadhani imetoka sehemu mbili, na zote mbili ni za kweli kwa namna yake.

Ya kwanza ni Land Rover. Kwenye Series III nyingi za miaka ya 1970 kulifungwa kifaa cha Fairey, kilichochomekwa nyuma ya transfa, kikiongeza mwendo kwa karibu asilimia 28 kwa mizunguko ileile. Kilikuwa kifaa kidogo chenye oili kidogo, na dereva aliyesahau kuangalia oili hiyo alikisikia kikilia, kisha akakisikia kikinyamaza kwa ubaya. Waliokitumia hawakusahau. Lakini Fairey ni kifaa cha kuongezea juu ya giaboksi iliyopo. H55F ni giaboksi nzima, nzito, iliyotengenezwa kwa magari ya kazi, na gia yake ya tano inaoga kwenye oili ileile ya gia nyingine. Kuzihukumu kwa kosa moja ni kumfunga mtu kwa jina la binamu yake.

Ya pili ni kazi mbaya za mafundi wetu wenyewe, na hapa ndipo nataka msomaji alale chini ya gari pamoja nami. H55F ni ndefu kuliko giaboksi inayotoka. Ukiifunga, transfa inasogea nyuma. Ikisogea, propela ya nyuma inakuwa ndefu kupita kiasi na ya mbele inakuwa fupi. Fundi mwenye haraka anafanya nini? Anaisukuma propela ya nyuma ndani ya mdomo wake wa kuteleza hadi ifike mwisho, anafunga boliti nne, anawasha gari, linakwenda, anapokea fedha. Gari likiwa tupu hakuna kinachotokea. Siku linapopakiwa, springi zinalala, ekseli inapanda na kusogea, propela inakosa pa kuingilia, na kila shimo la barabarani linakuwa nyundo inayopiga bering ya transfa. Baada ya wiki chache transfa inalia. Nani anahukumiwa? Gia ya tano.

Na propela ikikatwa na kuchomelewa bila kupanga krosi zake mbili kwenye mstari mmoja, gari linatetemeka kuanzia 60, na nani anahukumiwa? Gia ya tano tena. Shafti ya kutokea ya H55F haina idadi ya meno inayolingana na ile ya zamani, kwa hiyo gia ya kuingilia transfa lazima iwe ya kwake; anayejaribu kulazimisha anaharibu vyote viwili. Nyingi za pikapu hizi zina breki ya mkono nyuma ya transfa badala ya kwenye magurudumu, kwa hiyo transfa ikihama, na breki ya mkono lazima irekebishwe, la sivyo gari litaondoka lenyewe kwenye mteremko wa soko la samaki. Hata oili ni somo: giaboksi hii inataka GL-4, na fundi anayemimina GL-5 ya difu kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye dumu anazipa pete za shaba za sinkro maisha mafupi. Hakuna lolote kati ya haya ambalo haliwezekani Bagamoyo. Mashine za kukereza zipo Dar, Gerezani na Ilala, na fundi wa mashine atakayepewa vipimo vilivyochukuliwa gari likiwa chini kwa magurudumu yake, wala si likiwa limeinuliwa kwa jeki, atakukatia na kukusawazishia propela mbili vizuri. Tatizo ni kwamba vipimo havichukuliwi.

Sasa tuangalie wanachopendekeza hao wanaoikataa, maana hawawaachi watu mikono mitupu. Wa kwanza anasema: badilisha difu, weka ya 3.70. Ndiyo, mizunguko itapungua asilimia 10. Itapungua kwenye gia zote, pamoja na ya kwanza, ile ambayo tayari inaunguza klachi Kiwangwa. Na kwa kuwa gari ni la magurudumu manne, utabadilisha difu mbili, ya nyuma na ya mbele. Ukibadilisha moja na kuingiza nne kwa nne, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana hadi kitu kivunjike. Huyu anatoa dawa inayomuumiza mgonjwa pale pale anapoumwa. Wa pili anasema: funga matairi makubwa. Ni kosa lilelile, na juu yake breki zinaelemewa na sindano ya mwendo inaanza kudanganya.

Wa tatu anasema: toa injini, funga 1HZ. Ni injini nzuri, sina neno nayo. Lakini hapo unazungumzia maunti mpya, rejeta, mfumo wa moshi, nyaya, na kisha kadi ya gari. Kadi ya usajili ina namba ya injini. Ukibadilisha injini una safari ya kwenda TRA na maswali ya polisi barabarani hadi kadi irekebishwe. Namba ya giaboksi haimo kwenye kadi. Halafu ukishafunga 1HZ na kuacha giaboksi ya gia nne nyuma yake, Msata bado utazungumza kwa kupiga kelele.

Wa nne ndiye mwenye sauti kubwa siku hizi: uza chakavu hicho, nunua gari jipya. Gari jipya kwa nani? Anayeagiza pikapu iliyotumika kutoka Japani analipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na tozo ya uchakavu kama umri wake umevuka kikomo, kabla hajaweka nanasi moja nyuma. Muuza mananasi wa Kiwangwa au mbeba barafu wa Mlingotini hana fedha hiyo. Anachonacho ni chasi ya chuma kinene na injini isiyo na kompyuta, ambayo fundi wa Lugoba anaweza kuifungua kwa spana na kuifunga jioni. Kumwambia atupe mali hiyo kwa sababu ina kelele kwenye lami ni kumdharau.

Wapo pia wapenzi wa magari ya zamani, wanaotaka kila boliti libaki kama lilivyotoka kiwandani. Nawaheshimu, na gari ambalo halijawahi kuguswa linafaa kutunzwa hivyo. Lakini pikapu ngapi za namna hiyo zipo kwenye ukanda huu? Hizi zetu zimeshabadilishwa taa, bodi ya mbao imechukua nafasi ya bati, viti vimetoka kwenye Hiace, rangi imepakwa kwa brashi. Anayesimama mbele ya gari kama hilo na kutetea usafi wa giaboksi yake peke yake amechagua kitu kimoja tu cha kukilinda, nacho ndicho kinachomsumbua mwenye gari kila siku. Giaboksi ya zamani ikitolewa nzima haifi. Ijaze oili, ziba matundu, iweke stoo juu ya mbao. Mjukuu akitaka kulirudisha gari lilivyokuwa, ataipangusa vumbi na kuifunga.

Si kila mwenye pikapu anahitaji kazi hii. Gari linalobeba samaki na barafu kati ya ufukweni, Dunda na Kaole, ambalo halijawahi kuvuka 50 tangu mwaka juzi, liachwe na gia zake nne. Fedha iende kwenye breki. Mwenye H41 isiyolia, anayefanya kazi zake Miono na Mandera kwenye vumbi, naye asubiri. Ila yule anayetoka shambani topeni asubuhi na kushika lami kilomita mia na zaidi hadi Dar, wiki baada ya wiki, huyo ndiye ambaye ushauri wa benchi la gereji umemkosea zaidi. Ikija giaboksi ya H55F iliyotoka kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyopinduka, na imefunguliwa mbele yake, meno yamekaguliwa, bering na sili zimewekwa mpya, basi ailipie. Kisha amsimamie fundi mpaka apime propela zote mbili, gari likiwa limepakiwa mzigo.